Watatu wa Chumba cha Kufulia

Jumatatu ile mashine mbili za kufulia zilikuwa zinazunguka, na Hjalmar Sandell alikuwa anagombana na waya wa gitaa lake. Chumba chao cha mazoezi kilipakana na chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo la wapangaji karibu na bandari ya Härnösand, kaskazini mwa Uswidi, na kilinuka sabuni ya unga na soksi mbichi. Vendela Broström alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, gitaa la besi mapajani, anakula mkate wa jibini aliotoka nao nyumbani. Aliyechelewa alikuwa Tage Öhman, mpiga ngoma. Aliingia akijikung'uta theluji mabegani, ingawa aliishi ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Alikuwa amezunguka nje hadi mlango wa nyuma kwa sababu alisikia mtu kwenye ngazi.

"Nani alikuwa kwenye ngazi?" Vendela akauliza.

"Sijui. Mtu."

"Yaani umekanyaga theluji yote hiyo kumkwepa mtu usiyemjua?"

"Na yeye alikuwa amesimama ananisubiri nipite," Tage alisema. "Tungekaa pale mpaka Pasaka."

Walicheka kidogo tu, maana na wao wangefanya hivyohivyo. Watu wa huku ndivyo walivyo, usinilaumu mimi. Kabla ya kutoka kwako unaweka jicho kwenye tundu la mlango, unahakikisha jirani hayupo, ndipo unatoka. Kumgongea mtu mlango bila kupatana naye siku ni kama kuingia jikoni kwake na kufunua sufuria. Wanaiita heshima, na ni heshima kweli, sibishi.

Kundi lao liliitwa Tjäle, jina la ile ardhi inayoganda wakati wa baridi mpaka koleo haliingii. Walipiga jazi iliyochanganywa na roki, na walichojulikana nacho ni kwamba walikuwa na sauti mbili zisizopatana. Hjalmar akikanyaga pedali yake, gitaa lilinguruma mpaka makopo ya sabuni yakatembea rafuni. Tage, aliyekuwa ameshafika miaka ya kustaafu na aliyejifunzia ngoma kwenye kumbi za dansi za zamani, alipenda brashi, vile vifagio vya waya vinavyokwangua ngozi ya ngoma kwa upole. Vendela alikaa katikati na besi yake akiwaamua. Kila wimbo ulikuwa na kelele ya mmoja, kisha utulivu wa mwingine, kisha ugomvi.

Siku hiyo walikuwa katikati ya kelele bomba lilipogongwa.

Ni lile bomba la maji ya moto linalopanda kutoka chini hadi juu likipasha nyumba zote joto. Ukiligonga, jengo zima linasikia, na hakuna asiyejua maana yake: punguzeni kelele. Tang, tang, tang, sawasawa kabisa. Hjalmar akaondoa mguu kwenye pedali.

"Huyo Gunvor," Tage alisema. "Ghorofa ya pili, chini yangu."

"Saa kumi na moja jioni? Muda wa kelele bado tunao!"

"Punguza, Hjalmar. Mtu mzima yule."

Akapunguza. Bomba likaendelea. Akapunguza tena, na Vendela naye akapunguza, mpaka ikawa kinachosikika zaidi ni mashine ya jirani ikikamua nguo. Tang, tang, tang. Tage akaanza kulijibu bomba kwa brashi, bila kukusudia, kama mtu anavyoitikia wimbo wa redioni huku anaosha vyombo. Vendela akaingia chini yao kwa noti mbili tu. Hjalmar, ambaye hajapiga kitu polepole tangu abatizwe, akagusa uzi mmoja na kuuacha ufe wenyewe. Wakapiga hivyo mpaka mwisho.

"Jamani," Vendela alisema. "Hiki ni nini?"

"Ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kupiga," Hjalmar alijibu kwa uchungu.

Jumanne asubuhi Tage alisikia bomba likigongwa wakati anakunywa kahawa. Akajua anatembea kwa kishindo, akashinda siku nzima ananyata kwa vidole vya miguu. Jioni liligongwa tena, wakapiga polepole zaidi. Jumatano mlio wa bomba ulikuwa hafifu.

"Naona ameanza kutuzoea," Hjalmar alisema.

Vendela alikuwa amemwokea Gunvor maandazi ya mdalasini, ya kumwomba radhi.

"Umempa mkononi?" Tage akamuuliza.

"Nimgongee mlango nimsumbue tena? Nimeutundika mfuko kwenye kitasa."

Alhamisi mfuko ulikuwa bado unaning'inia palepale. "Basi kakasirika kwelikweli," Vendela alisema, na moyo ukamuuma. Bomba halikugongwa siku hiyo.

Alhamisi mchana ilikuwa zamu ya Gunvor ya kufua. Kila mpangaji ana kufuli lake dogo, na analifunga kwenye ubao ukutani, juu ya siku na saa anayoitaka. Kufuli la Gunvor lilikuwepo, ila Gunvor hakushuka, na mashine zikakaa bure. Yngve wa ghorofa ya kwanza alivumilia hilo kwa muda, kisha akampigia simu msimamizi wa jengo kulalamika kwamba kuna mtu anashikilia zamu asiyoitumia. Msimamizi akapanda juu kumkumbusha Gunvor kanuni. Alipochungulia kupitia tundu la barua, aliona miguu.

Alikuwa amevunjika nyonga tangu Jumatatu mchana, daktari alisema, na amekufa Alhamisi alfajiri. Alikuwa sakafuni jikoni, bega limeegemea bomba, kijiko cha supu mkononi. Kijiko kilikuwa kimepinda.

Mazishi yalifanyika wiki nyingi baadaye, maana huku wafu hawaharakishwi. Watatu hao walihudhuria, wakala ile keki ya mkate ya mazishini, yenye kamba wa baharini na majonezi, wakawashukuru wenye shughuli. Mambo ya bomba hayakutajwa. Vendela alitoka nje akasimama nyuma ya kanisa akilia mpaka kope zikashikana kwa baridi. Hjalmar alimwona dirishani, akakaa ndani ili asimwingilie.

Mazoezi ya kwanza baada ya mazishi yalianza kama kawaida. Walipofika penye kelele, Hjalmar alikanyaga pedali, na sauti ikaisha.

Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Spika ilitetemeka mpaka vumbi likaruka. Tage alipiga matoazi kwa nguvu zake zote, nayo yakayumba bila kutoa hata mlio. Kadiri walivyozidisha ndivyo kimya kilivyozidi, kama theluji inavyojaa uani, na ndani ya kimya hicho wakaanza kulisikia jengo. Walimsikia Yngve amesimama mbele ya kioo anajifunza kusema "habari za leo." Walimsikia mama wa nyumba ya pembeni akilia ndani ya taulo, amefungulia maji ili asisikike. Kuna mtu alikuwa anamsomea paka gazeti. Na kutoka nyumba ya Gunvor, ambayo ilikuwa tupu na imeshapakwa rangi mpya, walisikia kijiko.

Hjalmar akatoa mguu. Sauti ya kawaida ikarudi.

"Ni waya huu," alisema. Akabadilisha waya. Haukuwa waya.

Walimpelekea amplifaya fundi mmoja wa mji wa Sundsvall. Fundi aliifungua, akaifunga, akapiga gitaa kwa nguvu, na akawasikia mke na mume wa duka la pili wakihesabu nani hajamsemesha mwenzake tangu lini.

"Mashine ni nzima," alisema. "Sema kelele yako badala ya kutoka inaingia."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukitaka kusikika, piga polepole. Ukitaka kusikia, piga kwa nguvu. Mimi hapa sina cha kutengeneza."

Basi wakaenda kupiga hivyohivyo. Walipiga mjini Luleå, wakapiga Örnsköldsvik, na watu wakawapenda. Sehemu za polepole zilikuwa muziki, na muziki mzuri. Sehemu za kelele zilikuwa ukumbi mzima umekaa kimya na makoti mapajani, unasikiliza kilichoko nyuma ya milango ya mtaa ule. Watu waliwatambua majirani zao kwa sauti. Mzee mmoja alimsikia dada yake, ambaye walikosana kwa sababu ya kibanda cha mashua, akiita jina lake kutoka upande wa pili wa barabara. Akapangusa miwani. Gazeti moja liliwasifu kwa ujasiri wao wa kutumia kimya. Onyesho likiisha watu walipiga makofi kwa muda mrefu, wakanywa kahawa, wakarudi makwao, na kabla ya kutoka asubuhi wakaweka jicho kwenye tundu la mlango. Yule mzee naye alirudi nyumbani kwa njia yake ya siku zote.

Popote walipopiga, kijiko cha Gunvor kilikuwamo kwenye mabomba. Watu walidhani ni mtindo wao.

Mjini Umeå vikawa vijiko viwili.

Walikuwa wanapakia vyombo garini Tage alipouliza, "Mmesikia?"

"Tumesikia," Vendela alisema.

"Mbili za haraka, ya tatu imeburutwa."

"Ndivyo unavyopiga wewe."

"Mimi nilikuwa nimeshika brashi."

"Tulikuona," Hjalmar alisema.

Tage alilaza ngoma kubwa kwenye blanketi lake, akaifunika vizuri kama anamlaza mtoto. "Basi yule ni mimi wa baadaye," alisema.

"Angalau huko baadaye hujapoteza mdundo," Hjalmar akamtania, akafunga mlango wa gari.

Tage aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema. Kufa hakukumtisha sana. Baba yake alikufa, kaka yake alikufa, na wazo hilo alishalizoea. Kilichomtisha ni sakafu. Aliogopa kulala pale jikoni kwake anagonga, na huko chini watu waungwana wanapunguza sauti. Akaondoa mazulia yote asije akajikwaa. Akaweka kijiko sakafuni chini ya kila dirisha, pale bomba linapopita, na chooni akaweka viwili. Akahamisha godoro mpaka akawa analala mkono wake umegusa chuma. Mtu wa chini yake sasa alikuwa mpangaji mpya, kijana aliyevaa vitu vya kuziba masikio kutwa.

Aliwaambia wenzake siku ya maandazi ya krimu, yale ya kabla ya Kwaresima. Walikuwa wanakula wote watatu juu ya mashine ya kukaushia nguo.

"Nikigonga, mje," alisema. "Msipunguze. Mje."

"Tutakuja," Vendela alisema, akamshika mkono uliojaa krimu.

"Tunakuja, Tage, wewe vipi!" Hjalmar alisema. "Hata mlango nauvunja."

"Mlango usiuvunje. Wa mwenye jengo."

Tage alikuwa na ufunguo wa akiba mfukoni, wa kumpa Vendela. Aliushika muda wote wa mazungumzo. Kisha akaona atakuwa anambebesha mwenzake mzigo, akapanda nao juu, akaurudisha kwenye droo.

Wiki chache baadaye Tage alichelewa tena. Hjalmar akawa anajaribu pedali, kimya kikajaa, na ndani yake wakasikia mbili za haraka na moja ya kuburutwa. Vendela aliitupa besi juu ya kikapu cha nguo za watu akakimbia. Alipanda ngazi zote bila kuvuta pumzi, akabonyeza kengele, akapiga mlango kwa ngumi, akaita jina la Tage kwa sauti ambayo ngazi zile hazikuwa zimeisikia tangu zijengwe.

Tage alifungua akiwa amevaa chupi tu, na povu la kunyolea nusu ya uso.

"Kuna nini?"

"Nimesikia ukigonga!"

"Sijagonga. Nanyoa ndevu."

Walitazamana. Nyuma ya milango mingine miwili sakafu ililia, na Vendela akajua wanatazamwa kwenye matundu. Aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Tage aliona haya zaidi, kwa ajili ya chupi, na kwa ajili yake yeye Vendela, na kwa sababu fujo yote ilikuwa ni ya kwake.

"Samahani," Tage alisema.

"Hapana, samahani mimi."

"Uliyosikia ni ile nyingine, ile ya siku zote. Siku nyingine, kama huna shida, nitumie ujumbe kwanza."

"Sawa. Ndiyo. Ni kweli, ningekutumia ujumbe."

Mazoezi ya jioni hiyo yalikuwa mabaya. Hawakulizungumzia jambo lile, wala wiki iliyofuata. Vijiko viwili viliendelea, Gävle, Falun, kwingineko, na Hjalmar akatunga wimbo mpya unaoviachia nafasi. Tage mwenyewe alikiri kwamba zile mbili za haraka zinakaa vizuri. Usiku aliendelea kulala na mkono kwenye chuma.

Mwezi Aprili jua lilirudi, na maji yakaanza kudondoka kutoka mapaa. Alhamisi moja Vendela na Hjalmar walifika mapema. Waliweka vyombo, wakamsubiri Tage. Yngve aliingia chumba cha kufulia, akaona mlango wa mazoezi uko wazi, akarudi nje mpaka walipoufunga. Tage hakushuka.

"Tuanze, atatukuta njiani," Hjalmar alisema.

Wakaanza polepole, gitaa na besi tu. Kiti cha ngoma kilikuwa kitupu, brashi zimelazwa juu yake. Hawakuwa wamefika mbali bomba lilipogongwa. Mbili za haraka, ya tatu imeburutwa.

Vendela akaacha kupiga. "Hujakanyaga pedali."

"Nini?"

"Pedali. Hujaikanyaga. Hii tunaisikia hivihivi."

Hjalmar akautazama mguu wake. Ulikuwa sakafuni, mbali na pedali. "Labda sauti ile sasa imeshazoea," alisema. "Imekaa kwenye bomba moja kwa moja."

"Nakwenda juu."

"Nenda. Lakini Vendela, usije ukamfanyia kama siku ile. Alikaa na aibu mwezi mzima."

Alipanda, safari hii akitembea. Ghorofa ya pili alisimama, maana alisikia mtu akizungusha kitasa kwa ndani, na akampa nafasi ya kuamua. Mtu huyo hakutoka. Vendela akaendelea. Chini ya mlango wa Tage kulikuwa na mstari wa mwanga. Akatega sikio. Alisikia maji yakidondoka nje, na jokofu, na kitu kama kiatu kinachokokotwa, au pengine hakusikia. Akainua kidole hadi kwenye kengele. Kwenye mlango wa jirani tundu likafanya giza: kuna jicho lilikuwa limefika pale.

Akateremsha kidole. Akatoa simu, akaandika kama walivyopatana: *Uko salama?* Akatuma.

Ndani, karibu kabisa na mlango, simu ya Tage ililia mara moja.

Vendela alisubiri. Alisubiri kwa muda ambao mtu mstaarabu anaweza kusimama mbele ya mlango wa mtu. Lile jicho bado lilikuwa linamtazama. Akajiambia kwamba taa inawaka, yupo nyumbani. Simu imelia, ameupata. Akitaka kujibu atajibu. Akageuka, akashuka kwa vidole vya miguu.

"Vipi?" Hjalmar akauliza.

"Taa inawaka. Ujumbe umefika, nimeusikia."

"Si unaona?"

"Hajajibu."

"Atajibu. Mwache mtu anyoe ndevu zake."

Vendela alivaa mkanda wa besi. Bomba liligongwa, zile mbili na ile moja, na besi ikaingia chini yake, kwa sababu mwanamuziki akisikia mdundo hawezi kukaa nje yake. Walipiga hivyo, polepole, vizuri sana.

"Leo yuko sawasawa kabisa," Hjalmar alisema.

Kila mzunguko ule mlio wa tatu ulichelewa zaidi, na kila mara walimsubiri. Kisha ukawa hafifu mpaka mashine ya kukamua ikaufunika. Hjalmar akakunja uso, akanyoosha mguu hadi kwenye pedali, akaongeza sauti mpaka mwisho ili wamsikie vizuri zaidi.